Mtaa Uliobaki na Redio

Kabla hatujatoka mlangoni, nawategea. Inayoongea haina mtu, isiyoongea ina mtu. Ni nini hiyo? Msinijibu sasa. Kishikeni kitendawili hicho kiganjani kama mnavyoshika nauli, maana jibu liko mbele, nasi tuna safari.

Mama Chiriku alikuwa fundi wa mapazia. Alishonea nyumbani, katika chumba kimoja walichopanga katikati ya jiji. Cherehani ilikaa dirishani, kitanda kikakaa kando ya cherehani, na mtoto akakaa popote palipobaki. Mumewe alitengeneza majokofu katika kiwanda cha maziwa. Binti yao walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Aliamka na swali, akalala na swali. Kitu kimoja tu kiliweza kumnyamazisha: pumu.

Chini ya dirisha lao palikuwa na gereji. Mafundi walipaka magari rangi tangu asubuhi, na harufu ikapanda moja kwa moja hadi kwao. Mama akifungua dirisha, kifua cha mtoto kinaanza kupiga filimbi. Akifunga, joto linawapika wote watatu.

"Tuhame," alisema Baba Chiriku jioni moja. "Tutoke jijini kabisa. Watu wanaishi nje, wanakuja kazini kwa treni. Sisi tuna nini cha kutushinda?"

Walimpata dalali mmoja aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

"Nina mji," alisema. "Treni ya asubuhi inakupeleka, ya jioni inakurudisha. Hewa yake ukiivuta tu, umeshiba."

"Basi hatutapika," alisema Mama Chiriku.

"Shemeji, wewe njoo uone."

Walikwenda siku ya Jumapili. Kwa kweli ulikuwa mji wa kupendeza. Nyumba zilipangwa kwa mstari, kila moja na ua wake. Watoto waliendesha baiskeli barabarani. Wanaume waliosha magari yao, wanawake walisukana nywele barazani. Kila waliyempita aliwasalimu. Chiriku alicheza mpaka viatu vikapotea.

Baba Chiriku alisimama uani, mikono kiunoni, kama mtu aliyezaliwa hapo. "Hapa," alisema. "Hapa ndipo."

Dalali akawaachia ufunguo. Siku ya kujibu walipatana iwe mwisho wa juma.

Jumanne Mama Chiriku alirudi na mtoto kupima madirisha. Fundi wa mapazia haingii nyumba kabla ya mapazia yake. Walishuka stesheni peke yao. Treni iliyokuwa ikielekea jijini walipishana nayo njiani, na ilijaa watu hadi milangoni.

Barabara ilikuwa tupu. Baiskeli za Jumapili zilikuwa zimefungwa minyororo kwenye nguzo. Nguo zilining'inia kwenye kamba, zimekauka, hakuna wa kuzianua. Lakini sauti zilikuwapo. Kila nyumba ilikuwa na mtu anayeongea ndani yake.

"Mama," alisema Chiriku, "mbona wote wanasema maneno yaleyale?"

Mama alisimama kusikiliza. Mwanamume mmoja alikuwa akisoma habari za mvua. Alianza sentensi katika nyumba ya kwanza, wao wakatembea, akaimalizia katika nyumba ya tatu. Sauti haikuwapoteza hata hatua moja. Ilikuwa kama mtu anayetembea nao sambamba, upande wa ndani wa kuta.

"Ni redio, mwanangu," alisema Mama. Hata hivyo alimshika mkono.

Nyumba yao mpya ilikuwa imepakwa rangi siku iliyotangulia. Dalali alitaka kuwafurahisha. Madirisha yote yalifungwa, na harufu ilikuwa imelala humo usiku kucha ikiwasubiri. Mama alikimbilia kuyafungua. Akatoa futi, akapima dirisha la sebule, akapima la chumbani. Halafu akahisi kuna kitu kimepungua.

Chiriku alikuwa amenyamaza.

Alimkuta amekaa sakafuni, mabega yamepanda juu, filimbi kifuani. Mama alimtoa nje upesi. Akatoa kwenye mkoba dawa ya kuvuta, akaibonyeza mdomoni mwa mtoto. Mtoto akakohoa. Nusu ya dawa ikaishia ulimini. Akabonyeza tena, ikawa vilevile.

Alimpigia mumewe simu, ikaita hadi ikakata. Mumewe alikuwa ndani ya chumba cha baridi, mahali ambapo simu haisikiki. Akampigia dalali.

"Gari?" aliuliza dalali. "Mama, mchana huo gari hapo hulipati. Magari yote yako huku jijini na wenyewe. Treni ni ya jioni. Ila ombeni jirani."

Akambeba mtoto, akaenda nyumba ya kwanza. "Hodi."

"Karibu," ilijibu sauti ya mwanamume kutoka ndani.

Akasukuma mlango. Ulikuwa na kufuli kwa nje.

"Karibu tena, msikilizaji," iliendelea ile sauti, na muziki ukaanza.

Akachungulia dirishani. Meza, viti vinne, redio juu ya kabati. Kikombe kimeachwa na chai nusu. Nyumba ya pili, kufuli na muziki uleule. Nyumba ya tatu, vivyo hivyo. Muziki ulikuwa wa furaha, na kadiri alivyokimbia ndivyo ulivyozidi kumzunguka. Kwa kweli alitamani kilio cha mtoto, au mama mmoja mgomvi wa kumfokea kwa kukanyaga bustani yake.

Nusura aipite nyumba ya sita. Pazia lake lilikuwa zito, halipitishi mwanga, na ndani hakukuwa na sauti yoyote. Alikuwa ameshaanza kuipa mgongo. Halafu akageuka. Mlango ule haukuwa na kufuli kwa nje. Na kwenye ngazi palikuwa na ndala mbichi, bado zinachuruzika maji.

Akapiga mlango kwa kiganja kizima.

Ulifunguka taratibu. Mwanamke alitokea amejifunga shuka jeupe kuanzia kichwani, macho mekundu. Mama Chiriku alirudi nyuma hatua moja.

"Usinikimbie," alisema yule mwanamke. "Mimi ni nesi, nafanya zamu ya usiku. Sura hii ni ya usingizi tu. Mlete mtoto."

Hapo, wasomaji wangu, mmeshapata jibu la kitendawili. Nyumba iliyokuwa ikiongea haikuwa na mtu. Iliyonyamaza ndiyo yenye mtu, kwa sababu mwenyewe alikuwa amelala.

"Usimlaze," alisema Nesi. "Mkalishe wima, umwegemeze kwako. Umempa dawa vipi?"

Mama akamwonyesha.

"Ndiyo maana. Mtoto mdogo hawezi kuivuta hivyo." Akachukua chupa safi ya plastiki ya maji ya kunywa. Akaitoboa kitako, akachomeka kile kichupa cha dawa hapo mpaka kikakaza. Kisha akamwekea Chiriku mdomo wa chupa katikati ya midomo. "Mjukuu wangu, pumua humu polepole, kama unanusa chai. Ndani, nje." Akabonyeza mara moja. Akamwacha apumue mara kadhaa. Akatikisa dawa, akabonyeza tena.

Walikaa hivyo. Redio za mtaa mzima zilikuwa zikicheka kichekesho fulani. Polepole mabega ya mtoto yalishuka. Filimbi ikafifia.

"Bibi," alisema Chiriku kwa sauti ya kukwaruza, "kwa nini umevaa kitanda?"

Nesi alicheka. Mama alitaka kucheka, yakatoka machozi.

"Leo imeshika," alisema Nesi. "Lakini nisikilize vizuri, mama. Dawa ikigoma, au midomo ikibadilika rangi, au mtoto akashindwa kuongea, hiyo haisubiri. Ni hospitali palepale. Ingekuwa leo, tungekwenda na nini? Zahanati ya hapa daktari huja siku moja kwa wiki. Na mimi bahati yako nilikuwa bado sijazama usingizini."

"Lakini Jumapili mji ulijaa watu."

"Mlikuja Jumapili." Nesi alitikisa kichwa. "Wengi huja Jumapili, nami nilikuja Jumapili. Ukitaka kuujua mji wa watu wa treni, njoo siku ya kazi. Njoo saa ambazo wewe utakuwa hapa na mwanao, uone nani yupo. Uliza zahanati inafunguliwa lini, kisha nenda mwenyewe ukauguse mlango. Uliza gari la dharura mchana linatoka wapi. Na mumeo apande treni ileile atakayoipanda kila siku, alfajiri, amesimama. Asipande hii ya Jumapili ya kukaa dirishani."

"Na redio hizi?"

"Za kufukuzia wezi. Wenye nyumba wanaziacha zikiongea ili ionekane kuna mtu. Stesheni ya redio inayoshika hapa ni moja." Akapiga miayo. "Watu wa hapa si wabaya. Wanatoka gizani na kurudi gizani. Mtoto wa nyumba ya nyuma hapo aliulizwa shuleni baba yake yukoje. Akasema ana mgongo mpana. Ndicho anachokiona, mgongo wa mtu aliyelala."

Jioni Baba Chiriku alisikia habari yote. Alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu. Lakini ule ua haukumtoka moyoni.

"Ilikuwa rangi tu," alisema. "Rangi itakauka. Nesi mmoja mwenye usingizi ndiye atupangie maisha?"

"Sitabishana nawe," alisema mkewe. "Omba ruhusa Alhamisi. Nenda mwenyewe, simama barabarani. Ukirudi na neno lako lilelile, nitashona mapazia."

Alhamisi alikwenda. Alishuka stesheni akipiga mluzi. Mluzi ulimfia kwenye nyumba ya pili, kwa sababu ulirudi kutoka kwenye kuta. Akasimama katikati ya barabara, juani, mikono kiunoni kama siku ile. Ghafla muziki ukakatika katika nyumba zote. Mtaa mzima ukasema kwa sauti moja: "Ni saa nne kamili." Kisha ukaendelea kuimba.

Alicheka peke yake, akaacha, maana kicheko nacho kilirudi.

Ndipo alipoona mkono mdogo ukimpungia kwenye dirisha lenye nondo. Alikuwa mtoto wa umri wa Chiriku, uso umebanwa kati ya nondo mbili.

"Hujambo? Mama yupo?"

"Yupo. Anaoga."

"Ameanza kuoga saa ngapi?"

Mtoto alifikiri. "Tangu asubuhi. Mama amesema nikiulizwa niseme anaoga." Halafu akanong'ona, "Anarudi giza likiingia."

"Na nani anakaa nawe?"

Mtoto akanyoosha kidole nyuma yake, kwenye redio.

Baba Chiriku alikaa chini ya dirisha lile mpaka saa ya treni. Walihesabu kunguru, wakategeana vitendawili. Alipoondoka alimgongea Nesi mlango na kumwomba amtazame mtoto yule.

"Namtazama kila nikiamka," alisema Nesi. "Na mama yake nimeshamwambia. Anatafuta pa kuhamia, kama wewe."

Usiku huo Baba Chiriku aliweka ufunguo mezani. "Mrudishie mwenye miwani," alisema. Mkewe hakumchokoza, ingawa ulimi ulimwasha.

Walianza upya. Safari hii walikwenda siku za kazi. Mji mmoja waliukataa kwa sababu barabara yake ilikuwa ya vumbi, na vumbi si rafiki wa kifua. Mwingine waliukataa kwa sababu Baba Chiriku alipanda treni yake alfajiri, akafika kazini hana nguvu ya kushika bisibisi.

Wa tatu haukuwa mzuri wa kutazama. Nyumba zilibanana, rangi imebambuka, ua ni wa kugeuza ndoo tu. Treni yake ilikuwa fupi. Asubuhi, jua limeshapanda, Mama Chiriku alisimama mbele ya mlango asioujua.

"Ho—"

"Karibu, pita, unamtafuta nani?" alidakia mwanamke mwenye mikono ya unga. "Na huyo mtoto mbona kamba ya kiatu imefunguka? Mnatoka wapi? Mnataka kupanga? Kwa yule fundi viatu? Paa lake linavuja upande wa jikoni, mwambieni azibe kwanza."

Mama Chiriku akamtazama mumewe. Mumewe akatikisa kichwa kukubali.

Walikwenda hadi zahanati, wakaugusa mlango. Ulikuwa wazi, na watu walikuwa kwenye benchi. Mhudumu aliwaonyesha dawa ya kuvuta ipo. Wakauliza gari la dharura. Kijana wa teksi aliyekuwa akifuta kioo nje aliinua mkono: "Ndilo hili."

Wakahamia, baada ya paa kuzibwa.

Msimu wa baridi pumu ilimbana Chiriku mara moja, mchana. Mama alimkalisha wima, akatumia chupa kama alivyofundishwa. Haikushika vizuri. Alifungua mlango na kuita mara moja tu. Jirani mwenye unga alikuja, fundi viatu akaja na kiatu cha mtu mkononi, teksi ikawa mlangoni kabla hajapata kandambili zake. Saa ya baba kurudi ilipofika, jua lilikuwa bado lipo, na Chiriku alikuwa barazani akiuliza kwa nini daktari ana nywele puani.

Siku nyingine Mama Chiriku alikuwa akitoka kwenda kununua uzi. Alifunga madirisha, akaitazama redio iliyokuwa ikiongea juu ya kabati. Alisimama akiisikiliza kidogo. Ilikuwa sauti ya mwanamume yuleyule, akisoma habari za mvua.

Akaizima.

Nje kulisikika nyundo ya fundi viatu, na mtu akimfokea mtu juu ya bustani iliyokanyagwa.