Mzee Makali na Kisu cha Baba

Wananchi wa Tabora, na wageni wote mnaopita njia ya misafara ya kale, mnatangaziwa rasmi kwamba kiwanda kikuu cha visu vya kukunja magharibi ya Tanzania kipo Isevya. Mkurugenzi wake ni baba yangu, Wenceslaus.

Kiwanda chenyewe ni banda la mabati nyuma ya choo chetu. Ndani mna jiko la mkaa, mivukuto ya kupulizia moto, na fuawe ya babu Renatus, kile chuma kizito ambacho baba hufulia juu yake. Mimi, Octavian, nasoma shule ya bweni. Nikiwa likizo, humsaidia.

Likizo hii nilikuta nyumba imenyamaza. Uji haukuwa na sukari.

"Mama, cherehani yako iko wapi?"

"Iliuzwa," alisema mama. "Kunywa uji."

Baba aliuza visu kila wiki, na kila wiki tulizidi kuwa maskini.

"Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi," alisema baba. "Atachukua fuawe."

Babu alikuwa mgonjwa kitandani. Alisikia. Akageukia ukutani. Alhamisi alfajiri akafariki.

Jirani yetu Mama Pelagia, muuza asali, alikuja kusaidia msibani. Akaona boksi la visu.

"Shemeji, unauza bei gani?"

"Elfu nane."

"Nani alipanga?"

"Mpenzi mmoja wa visu, yuko Urambo. Anaitwa Mzee Makali. Huniandikia kwenye simu. Nilikuwa nauza elfu kumi na mbili, akanishauri nishushe, watu watagombania. Kisu chenyewe anasema hakina kasoro."

"Umewahi kumwona?"

"Hapana. Ila ni mtu wa heshima."

Nikaenda kuosha sahani. Masikio niliyaacha pale.

"Springi ya gari ya kufulia kisu unanunua kiasi gani?" aliuliza Mama Pelagia.

"Kwa kisu kimoja, elfu tatu. Mkaa elfu nne. Mninga wa mpini na ribiti za kuufunga, elfu mbili."

"Hapo ni elfu tisa. Na mikono yako?"

"Mikono si yangu?"

"Inakula ugali, shemeji. Kila ukiuza kisu, unamwongezea mteja elfu moja aende nayo. Anza na gharama. Weka ujira wako. Ongeza faida kidogo. Kisha waulize wanaotumia kisu kila siku."

"Nimewauliza. Nawakaribisha chai, wote wanasema kizuri."

"Mtu anywe chai yako, halafu akutukanie kisu? Muulize mtani."

Tangu wazee wetu wa Kinyamwezi walipobeba mizigo kupita Ugogo, Wagogo ni watani wetu. Kwenye msiba wana ruhusa ya kutukejeli. Ijumaa alifika Chilongani, Mgogo mfugaji wa Igunga, akajilaza mlangoni kuzuia jeneza.

"Huyu mzee hatoki bila ushuru," alisema.

Baba akampa kisu. Chilongani akakikandamiza kwenye fimbo yake. Jani la makali likajikunja kuelekea mpini, likamkata kidole gumba.

"Mnyamwezi, leo unazika baba yako. Na kidole changu tukizike humo humo?"

"Kina kasoro gani nyingine?" aliuliza baba kwa upole.

"Mpini unateleza ukiwa na damu ya mbuzi. Hakina tundu la kamba, nikiinama kinaangukia matopeni. Na bei gani hiyo, elfu nane? Hiyo bei ya kisu cha kuchezea mtoto."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumamosi alimwomba mnunuzi wa chuma arudi mwisho wa mwezi. Akafua upya. Mgongoni mwa kisu aliweka springi nyembamba ya kuzuia jani lisijikunje. Mpini akauchonga mistari, akatoboa tundu la kamba. Akapeleka visu mnadani Igunga. Chilongani na wenzake wakavijaribu, wakavitukana, baba akarekebisha. Mara ya pili waliguna tu, wakanunua vyote. Kila kimoja elfu kumi na nane.

Mnunuzi wa chuma aliporudi, aliondoka na mkokoteni mtupu. Babu hakurudi, wala cherehani. Uji ulirudiwa na sukari.

Jioni ile baba aliweka kando kisu kimoja, kizuri kuliko vyote.

"Hiki ni cha Mzee Makali. Alinipoteza kwenye bei. Lakini wakati ule hakuna mwingine aliyeniandikia."

"Basi mpigie aje akichukue," alisema Mama Pelagia.

Baba akapiga. Simu ikaita ndani ya suruali yangu.

Mama aliacha kusonga ugali. Baba alinitazama, simu yake ikiwa bado sikioni.

"Pokea," alisema.

Nikapokea. Sikuweza kumwangalia, kwa hiyo nilisemea simuni.

"Shikamoo, baba. Mzee Makali ni mimi. Laini nilinunua stendi, simu nilificha kwenye godoro bwenini. Tulianza na wenzangu, kwa kucheka tu. Halafu ukawa unajibu kwa furaha, nikashindwa kuacha. Ile bei niliitunga nikiwa kwenye foleni ya maharage." Nikamgeukia mama. "Mama, kwa bei ile, cherehani yako niliiuza mimi."