Gundi Bado Mbichi

"Usiinuke, dada!" mhudumu wa mapokezi alipiga kelele, lakini muuguzi alikuwa ameshajaribu kuinuka, na gauni lake jipya la manjano lilikuwa limekataa.

Ukumbi wa meli ulijaa abiria, masanduku na harufu kali ya gundi. Watu wote wakageuka. Muuguzi akajivuta tena, kitambaa kikalia chrr, akarudi kukaa upesi huku uso umemwiva kwa hasira.

"Viti hivi vimebandikwa kitambaa kipya leo asubuhi," mhudumu akaeleza kwa upole. "Hicho kilikuwa na karatasi ya onyo."

"Iko wapi?"

Mhudumu akainama kutazama. "Nadhani umeikalia."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kampuni ya meli yenyewe. Hakuna aliyewahi kuisikia mpaka mama mdogo wa muuguzi aliposhinda tiketi mbili za matembezi ya wiki nzima katika shindano la redio, akamburuta na yeye. Picha za matangazo zilionyesha bwawa la kuogelea; walilikuta kavu, limejaa ngazi na ndoo za rangi. Juisi ya kuwakaribisha wageni ilikuwa vuguvugu kama dawa ya kikohozi. Sanduku lake lilikuwa limeshapotea. Ufunguo wa chumba chao ulifungua chumba cha mzee mmoja aliyevaa taulo tu, na mama mdogo, badala ya kuomba radhi, alimwamkia na kumuuliza habari za nyumbani.

"Nimemwita fundi wa makochi aje akutoe," mhudumu akasema.

Fundi alikuja mbio, ovaroli ya buluu, penseli sikioni, mkasi mkononi. Alipomwona aliyekaa kitini, mbio zikamwisha.

"Gundi!" muuguzi akasema, na hakuwa akizungumzia kiti.

"Sindano," fundi akajibu kwa sauti ndogo.

Ndivyo walivyokuwa wakiitana walipokuwa wapenzi: yeye Gundi, kwa kuwa akikaa mahali habanduki, na muuguzi Sindano, kwa sababu ya kazi yake na ulimi wake. Mwaka uliopita, jioni moja, fundi alimpigia simu akicheka kwa furaha: "Nimempata mwenzangu! Tumeelewana kila kitu, mwezi ujao tunahamia pamoja!" Muuguzi alikata simu. Alibadilisha namba, akaomba uhamisho kwenda hospitali nyingine mbali, akamwapisha mama mdogo asimwambie mtu alipo. Alilia zamu ya mchana, akalia na ya usiku. Na bado hakumsahau, jambo lililomuudhi kuliko yote.

"Kata nitoke," akaamuru.

"Nikikata, gauni litatoboka."

"Litoboke! Huyo mwenzako hajambo?"

"Hajambo kabisa. Yuko juu, anamalizia viti vya mkahawa."

"Umemleta mpaka kazini?"

"Yeye ndiye aliyenileta mimi. Kazi hii aliipata yeye."

Muuguzi akavuta pumzi. Alijiambia asiulize, kisha akauliza. "Na mnaishi vizuri?"

Mkasi ukasimama. "Kuishi na nani?"

"Si mlihamia pamoja? Ulisema kwa mdomo wako mwenyewe!"

Kabla fundi hajajibu, jitu la ndevu nyingi likashuka ngazi na robota la kitambaa begani. "Mwenzangu, fanya haraka! Meli inaondoka, mafundi wote tunashushwa!"

Muuguzi akazitazama zile ndevu. Akamtazama fundi.

"Huyu?"

"Huyu. Tulihamia karakana moja, mashine zake na zangu." Fundi akaushusha mkasi. "Ulidhani ni mwanamke?"

"Mtu unampigia mpenzi wako simu, unasema umempata mwenzako! Ningedhani nini? Hukuweza kusema nimepata fundi mwenye ndevu?"

"Na wewe hukuweza kuuliza? Nimekutafuta, Sindano! Hospitalini wakasema umehama. Mama mdogo akasema hajui."

Wote wawili wakamgeukia mama mdogo, aliyekuwa akila biskuti kwenye kiti kilichokauka.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Nimeapishwa, nimenyamaza. Nyinyi mna mdomo kila mmoja na wake, mnataka na wangu?"

Honi ikalia. Fundi akapitisha mkasi upesi, muuguzi akawa huru, na mama mdogo akamfunga kitambaa cha meza kiunoni kuficha tundu. Baharia mmoja akaanza kuwasukuma mafundi kuelekea daraja la kushukia.

"Wiki ijayo nitakuwa hapa hapa!" fundi akapaza sauti juu ya vichwa vya watu. "Ukirudi utanikuta!"

Wiki ijayo! Muuguzi akatazama ukumbi ule. Kampuni iliyoshindwa kukausha kiti ndiyo ya kuaminiwa kumrudisha?

"Mama mdogo, nashuka."

"Na chumba?"

"Chote chako."

"Shuka, mwanangu. Mimi yule mzee wa taulo atanionyesha njia."

Alikimbia, kitambaa kikipepea. Baharia akamzuia darajani. "Dada, ukishuka hupandi tena."

"Ndivyo ninavyotaka!"

Gatini fundi alikuwa amempa meli mgongo, anafuta macho kwa mkono wa ovaroli. Mwenye ndevu akamgusa bega, akamwonyesha muuguzi anayekuja, kisha akajiondokea na robota lake. Muuguzi alikuwa amepanga kusema maneno laini. Yaliyomtoka yakawa mengine.

"Mwaka mzima, Gundi! Mwaka mzima nakuchukia bure! Unajua inavyochosha kumchukia mtu unayempenda?"

"Nisamehe."

"Sitaki 'nisamehe'. Sema la maana, na neno ulichague vizuri!"

Nyuma yao daraja likavutwa, meli ikaanza kujitenga na gati. Fundi hakuitazama.

"Nataka kukuoa," akasema polepole. "Uwe mke wangu. Mke wa ndoa, mimi na wewe, bila fundi mwingine. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka."

"Basi?"

"Nimekubali. Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika, mpenzi," fundi akasema, akimkumbatia na kitambaa chake cha meza. "Ila kasirikia hapa hapa, usiende tena mbali."