Mwizi Aliyevua Viatu

Gari-nyumba haikuwepo. Jana jioni ilikuwa imeegeshwa kando ya nyumba ya Mama Cibalonza, mtaa wa Black Rock, jijini Buffalo, Marekani, tangi limejaa na unga wa fufu umeshapakiwa. Asubuhi hii kilibaki kipande kirefu cha lami kavu, na theluji pande zote.

Inspekta Hakizimana alisimama pale na kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa. Siku ya kumi na sita hii hajapumzika. Macho yalimuuma, magoti yalimuuma, na Krismasi ilikuwa imebaki siku nne. Pale kituoni ni yeye peke yake aliyejua Kiswahili, kwa hiyo kila kesi ya Mkongo au Mrundi iliishia mezani kwake.

"Nani alipiga simu polisi?"

"Mimi," alisema jirani, Caritas, Mrundi kama Hakizimana, amejifunga kitenge juu ya koti. "Zihindula, mtoto wa Mama, alisema kwa simu tuache. Nikamwambia haiwezekani! Mama wa watu anasafiri kesho."

Safari yenyewe mtaa mzima uliijua. Zihindula alinunua ile gari kuukuu ili ampeleke mama yake kwenye jangwa la Arizona, wiki mbili za likizo ya baridi. Mama alifanyiwa upasuaji wa moyo mwezi wa pili, na tangu hapo baridi ya Buffalo ilimwingia mpaka ndani ya mifupa. Wangepita Columbus kumchukua binti, Gentille, halafu Louisville kumchukua kitinda mimba, Bagula. Kanisani walimtania: "Mama, Waisraeli walikaa jangwani miaka arobaini, wewe utaweza?" Naye akajibu: "Wao hawakuwa na jiko la gesi."

Hakizimana alichuchumaa. Magoti yakalia.

Theluji ilikuwa imeacha kuanguka saa tisa usiku, kwa hiyo alama zilikuwa safi. Viatu vidogo, vya mtu mmoja. Vilitoka barabarani vikaja moja kwa moja mpaka pale mlango wa gari ulipokuwa. Hapo mwisho kulikuwa na alama mbili zimebanana, kisigino kwa kisigino, na pembeni yake alama ya soksi.

Aliziangalia muda mrefu. Akazipiga picha.

"Caritas, umewahi kuona mwizi anavua viatu?"

"Labda vilimbana."

"Labda."

Alivua vyake akaingia ndani.

Mama Cibalonza alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa tayari nguo ya safari ya kesho, begi miguuni. "Ingia, mutoto wangu. Umekula?"

"Niko kazini, Mama."

"Kwani polisi habakulake?"

Akala. Sombe, kisamvu cha Kikongo, ilikuwa ya moto, na kwa dakika tano alisahau uchovu wake.

"Mama, kwenye ile gari mtu anaruhusiwa kuingia na viatu?"

"Na viatu? Nilitandika mukeka wangu mule! Niliwaambia wote, hata kwa simu: mwenye kuingiza viatu, atashuka atembee mpaka Arizona."

"Wote ni nani?"

"Batoto bangu. Nani mwingine?"

Zihindula alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ametoka kazini sasa hivi, kwenye bohari moja ya Cheektowaga, na fulana ya kumeta bado mwilini.

"Kaka, ulikuwa wapi saa tisa mpaka asubuhi?"

"Kazini. Uliza bosi."

"Unavaa kiatu namba ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Ufunguo wa pili wa gari uko wapi?"

Zihindula alitazama sakafu. "Bon... ulipotea."

"Kwa nini hukutaka polisi?"

"Ni gari tu, Inspekta. Vitu vinapotea."

"Unaniongopea, kaka. Na mimi nimechoka sana kuongopewa."

Mama akaingilia, akitoa simu yake. "Mwache. Uliza Bagula, yeye ana akili ya magari. Lakini hapokeake. Anatuma tu sauti, kila Jumapili. Sikia hii ya juzi."

Sauti ya kijana ikajaa sebule, ya uchangamfu: "Mama, niko muzima. Joto iko inatuuwa huku, niko nakunywa maji tu. Nakupenda, Mama."

"Nikimuuliza kitu, hajibu hicho," alisema Mama. "Nilitoka hospitali, hakuja kuniona. Mwaka unaisha. Huyu mutoto alishanisahau. Nikifika Louisville nitamupiga kofi kwanza, ndiyo nimukumbatie."

Hakizimana aliacha kutafuna. Joto, katikati ya mwezi wa kumi na mbili? Akamtazama Zihindula. Zihindula alikuwa amegeukia ukuta.

Ndani ya gari lake la kazi alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa ofisi ya kamera za barabara kuu. Gari-nyumba ilipita saa kumi na moja alfajiri, ikielekea magharibi, dereva mmoja, mwanamke. Ya pili ilikuwa kwa polisi wa Louisville. Alitaja jina la Bagula, akasubiri. Kisha akasikiliza bila kuandika chochote.

Alirudi akamwita Zihindula nje.

"Mdogo wako alikufa mwezi wa pili. Ajali ya barabarani."

Zihindula alianza kulia pale pale kwenye theluji, bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia hivyo.

"Mama alikuwa amelala hospitali, kifua kimefunguliwa. Daktari alisema asipewe mshtuko. Tukasema tungoje wiki mbili. Wiki ikaleta wiki. Mimi nilisema basi, safari hii tukifika Louisville, tumpeleke kwenye kaburi, tumwambie pale pale. Gentille akakataa."

"Ufunguo wa pili anao yeye."

"Ndiyo, Inspekta."

Walikwenda Columbus wote wawili. Saa sita barabarani, theluji, malori, theluji. Mkubwa wake wa kazi alimwambia kwa simu aiache kazi hiyo kwa polisi wa Columbus, wao walikuwa wameshaiona gari. Hakizimana akasema atawahi kurudi. Hakujua kwa nini amejibu hivyo. Alichojua ni kwamba polisi wa kule wangemfunga pingu yule dada, na Mama angepigiwa simu na mtu asiyemjua, kwa Kiingereza, aambiwe kila kitu.

Gari-nyumba ilikuwa nyuma ya majengo ya ghorofa huko Whitehall, ukingoni mwa Columbus. Kwenye ngazi yake kulikuwa na viatu vidogo, vimepangwa. Gentille alikuwa ndani, amekaa juu ya mkeka, bado na sare ya kazi yake ya kutunza wazee.

"Dada Gentille. Najua ulikuja Buffalo kwa basi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na ufunguo."

"Ndiyo."

"Simu ya Bagula iko wapi?"

Aliitoa mfukoni akaiweka kwenye mkeka. "Mama alibadilisha simu akiwa hospitali, sauti alizokuwa nazo zikapotea. Namtumia sauti za zamani. Nachagua. Hii hapana, anataja mtu. Hii hapana, anacheka sana. Zimebaki nne tu, Inspekta."

"Uliiba gari ili Mama asifike Louisville."

"Moyo wake..."

"Moyo wake daktari ameupima mwezi uliopita, ameruhusu safari. Kaka yako amenionyesha barua. Jibu tena."

Gentille alinyoosha pindo la mkeka. Nje lori lilipita, vikombe vikagongana kabatini.

"Polisi wa Louisville wanasema Bagula alikuwa anatoka mjini, anaelekea kaskazini," Hakizimana alisema taratibu. "Alikuwa anakuja huku?"

"Donc, kumbe unajua."

"Sijui. Niambie wewe."

"Nilikuwa nahamia kwenye ghorofa hii. Nilimpigia: Bagula, njoo unisaidie kubeba kitanda. Akasema, ya Gentille, dada yangu, kuna barafu. Nikamwambia wewe ni mwanaume gani, unaogopa barafu?" Alifunika uso. "Hata Zihindula sikumwambia. Mama akijua amekufa, swali la kwanza atauliza: alikuwa anaenda wapi? Namjua. Atauliza hilo."

Zihindula, mlangoni, alikaa chini kwenye ngazi. Hakizimana akamgeukia.

"Gari ni yako. Unamshtaki?"

"Ni dada yangu."

"Hilo siyo jibu la fomu."

"Apana. Simshtaki."

Walifika Buffalo kesho yake mchana, gari-nyumba mbele, Hakizimana nyuma. Caritas alikuwa amekaa kando ya Mama, dawa za moyo karibu. Alikuwa ameombwa awepo, hakuambiwa kwa nini.

Gentille alipiga magoti. "Mama, gari niliichukua mimi."

"Naona. Kwa nini?"

"Bagula alikufa, Mama. Mwezi wa pili. Ulikuwa hospitali."

Mama hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kochi, Caritas akamshika mkono. Ndipo akauliza:

"Alikuwa anaenda wapi?"

"Kwangu. Mimi nilimwita. Kulikuwa na barafu, nikamcheka akiogopa."

"Wewe ulimwita, na yeye akatoka."

"Ndiyo, Mama."

"Basi alikuwa Bagula kabisa." Machozi yalianza kumtoka, hakuyafuta. "Hiyo sikulaumu. Lakini miezi kumi niko namukasirikia mutu mwenye alishakufa. Nilimusema vibaya mbele ya jirani. Mulinipa sauti, mukaniibia matanga ya mutoto wangu." Akamgeukia mpelelezi. "Inspekta, andika hiyo."

"Mama, kwa sheria..."

"Andika."

Hakizimana alifungua daftari akaandika, neno kwa neno.

"Safari tuiache?" aliuliza Zihindula kwa sauti ndogo.

"Tuiache kwa nini? Hapa nikilia sana, watu ba nyumba ile watapiga simu, na huyu Inspekta arudi tena. Muangalie, amechoka. Mutanipeleka Louisville, munionyeshe pahali alilala. Halafu munifikishe kule jangwani. Kule hakuna jirani. Nitalia mpaka nimalize."