Meli Iliyofungwa Kamba

Asubuhi ile ya Februari tulikuwa tumechinja nguruwe uani kwangu, kama tunavyofanya kila mwaka kabla ya Kwaresima. Baridi ilikuwa ile nzuri inayofukuza nzi. Wanaume walikuwa wanakata nyama, watoto wanazozana juu ya kuni, na sisi wanawake tumeizunguka meza ndefu tukijaza wali na maini kwenye utumbo ili tupate soseji. Shoga yangu Verlie Papillion, jirani wa miaka mingi, alikaa karibu na moto kwa sababu mwili wake ulikuwa hautaki tena kupata joto wenyewe. Daktari alikuwa amemkataza chumvi, lakini mwonjaji wetu alikuwa ni yeye na hakuna aliyethubutu kumpokonya kijiko. Anaonja, anatema pembeni, anatoa hukumu.

"Pilipili haitoshi," alisema. "Nani kaunga hii? Mtu wa Texas?"

Tulicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Na wakati tunacheka, ndugu zangu, simu ilikuwa inalia nyumbani kwa Verlie, mwendo wa maili tatu kutoka pale, na ndani hakukuwa na mtu wa kuipokea.

Mimi Lovinia ninawasimulia haya bila kupamba, kwa sababu nimechoka kusikia watu wa parokia hii ya Louisiana wakisema mambo ya Leander na Verlie yalikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni radi. Haya yalikuwa na mwanzo, na mwanzo wake tuliuona sote.

Figo za Verlie zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa juma mumewe Leander alimpeleka Lake Charles, mji ulio kando ya ziwa, akafungwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila safari alikaa hapo nusu siku. Leander alikuwa mkulima wa mpunga na mvuvi wa kamba wa matopeni, mtu mpole, mikono mikubwa, maneno machache. Mwanzoni alikuwa anamsubiri kwenye kiti cha zahanati akisoma magazeti yaleyale. Halafu ile meli ya kamari ikaja kutia nanga ziwani, Bella Clothilde, nyeupe yote, na gurudumu kubwa nyuma ambalo halisukumi kitu. Kutoka zahanati unaiona.

"Nitanyoosha miguu tu," alimwambia mkewe.

"Nyoosha," Verlie alimjibu. "Nikikuangalia unavyopiga miayo nazidi kuumwa."

Siku za kwanza alirudi na kofia ya bure na sahani ya kamba wa kukaanga. Baadaye akaanza kuchelewa. Siku moja nilipita mjini na gari langu nikamkuta Verlie ameketi kwenye benchi nje ya zahanati, bandeji mkononi, jua limemhamia usoni, wauguzi wamekwisha kufunga mlango wa mbele. Nilimsubiri Leander pamoja naye. Alipotokea, nilimvaa.

"Shemeji, mkeo si mzigo wa posta wa kuachwa mlangoni."

"Lovinia, nilikuwa hapo hapo tu. Unaiona meli? Imefungwa kamba. Inaenda wapi?"

Na kweli, haikuwa inaenda popote. Wakati ule sheria ya Louisiana ilitaka kamari ichezwe juu ya maji, tena meli ikiwa safarini. Ila nahodha alikuwa na ruhusa ya kubaki gatini akiona hali ya hewa ni ya hatari. Basi nahodha wa Clothilde aliona hatari kila siku ya Mungu. Jua linawaka, maji yametulia, naye anatangaza ukungu. Ikawa mzaha wa mji mzima. Watu walikuwa wanapanda daraja la meli wamevaa miwani ya jua, wanaambiana, "Leo ukungu umeshika kweli, angalia usije ukajikwaa." Wenye meli hawakutaka isafiri, maana meli ikiwa safarini hakuna mteja mpya anayeingia. Wateja nao walipenda kuamini wanaweza kushuka wakati wowote. Leander aliamini hivyo kuliko wote.

Kisha ikaja habari njema. Hospitali kubwa ya New Orleans ilimweka Verlie kwenye foleni ya kupata figo. Walimpa peja, kile kidude cha kufunga mkandani kinacholia mtu akikutafuta na kuonyesha namba ya kupiga. Simu za mkononi enzi hizo zilikuwa za mawakili. Mama wa hospitali alimweleza wazi: figo ikipatikana tutapiga nyumbani, kisha peja, na mkikaa saa moja bila kujibu tunamwita anayefuata, kwa sababu figo haisubiri mtu. Akauliza kama kuna namba ya jirani.

"Haina haja," Verlie alisema. "Leander yupo."

Peja akaifunga Leander. Aliipenda, nasema kweli. Kanisani alikuwa anafungua koti ili watu waione.

Turudi sasa kwenye siku ya nguruwe. Makubaliano yao yalikuwa rahisi. Verlie aje kwangu apate angalau kuota moto na wenzake, na Leander abaki nyumbani na simu. Alimleta asubuhi, akamfunika miguu blanketi, akaniambia, "Mtunze, ninakwenda kukaa na ile simu." Najua alikusudia. Alikaa. Lakini simu haina mazungumzo, na mazoea yana taabu. Mwenyewe alinieleza baadaye kwamba alikaa akaitazama mpaka kahawa ikaisha, kisha akajipapasa mkandani, akasema moyoni: kama nina peja, kuna tofauti gani nikiwa hapa au pale? Ikilia ninashuka, kibanda cha simu kipo pale gatini. Meli imefungwa kamba.

Akawasha gari.

Asubuhi hiyo walikuwa wamekuja wakaguzi wa serikali kutoka Baton Rouge, makao makuu ya jimbo, watu watatu wenye makoti, nao wakapanda Clothilde kuona kama sheria inafuatwa. Nahodha alitazama mbingu, na kwa mara ya kwanza tangu meli ile ije hakuona ukungu. Leander alikuwa mbele ya mashine ya kamari ya sarafu, ameyapa mgongo madirisha, aliposikia honi. Alidhani ni ya meli ya mafuta. Alipogeuka, gati lilikuwa limebaki nyuma sana.

Hakuingiwa na hofu hata hapo. Alijiambia meli kuondoka ni siku moja katika mia, na simu haiwezi kuangukia siku hiyohiyo. Kwa hiyo akaendelea kucheza.

Peja ililia wakiwa katikati ya ziwa. Ukumbi mzima ule ulikuwa unalia kengele na vigelegele vya mashine, asingeisikia. Aliihisi inatetemeka ubavuni. Akasoma namba, na namba hiyo alikuwa ameikariri kama sala.

Alimkimbilia ofisa wa mlangoni, kijana mwenye fulana nyekundu.

"Nishusheni! Mke wangu amepata figo!"

"Baba, tuko majini."

"Basi nipeni simu!"

"Abiria hawana simu. Redio ni ya nahodha."

"Mwambie nahodha, basi! Mke wangu atakufa!"

Kijana akashusha pumzi. "Mzee wangu, kila aliyeliwa humu mama yake huwa anakufa ghafla. Jana mmoja kaniambia mkewe anajifungua. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sabini."

Watu wa foleni ya chakula wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa amekumbatia kopo la sarafu akamwambia, "Kaa chini, mpenzi. Bahati haipendi kelele." Leander akaitoa peja mkandani akawaonyesha, akiizungusha mbele ya nyuso zao mmoja mmoja, nao wakawa wanaangalia pembeni kwa adabu, kama mnavyomkwepa mlevi. Aliniambia kitu kilichomkata maini si kwamba hawakumwamini. Ni kwamba yeye pia, juma lililopita, alikuwa amemcheka mtu mwingine mahali palepale.

Hatimaye baharia mmoja mtu mzima alimsikiliza mpaka mwisho, akapanda juu kwa nahodha. Aliporudi alisema wanageuza. Lakini gurudumu lile la mapambo halisukumi kitu, na injini yenyewe ilikuwa imezoea kulala. Meli ilirudi kwa mwendo wa bata. Leander alisimama mbele kabisa ameshika mnyororo, na daraja halijatulia vizuri akaruka.

Alipiga simu kutoka kibandani. Yule mama wa hospitali hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba walisubiri saa moja, kisha wakaongeza nusu saa kwa huruma, na sasa yuko mtu mwingine mezani, madaktari wamekwisha kuanza.

Tulikuwa tunaosha visu lori lake lilipoingia uani. Alishuka akasimama mbele ya mkewe, kofia mkononi.

"Nani anakaa na simu?" Verlie aliuliza.

"Walipiga."

"Kina nani?"

"New Orleans."

Verlie alisimama, blanketi likaanguka. Uso wake wote uliwaka furaha, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa sababu mimi nilikuwa naangalia uso wa Leander.

"Basi twende! Lovinia, nipe koti! Umesimama nini, mume wangu, twende!"

"Walipiga asubuhi, Verlie."

Alimtazama. Akatazama peja. Kisha akavuta hewa puani, taratibu, na nadhani alisikia moshi wa sigara wa melini kwenye nguo zake, maana Leander mwenyewe havuti.

"Meli iliondoka," Leander alisema. "Haijawahi kuondoka, Verlie. Naapa haijawahi."

Nilitaka amtukane. Nilitaka amrushie kitu. Verlie akaketi, akavuta bakuli la wali karibu yake.

"Tumalizie hizi," alisema. "Nyama itaharibika."

Tukamalizia. Leander alisimama pale mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Tangu siku hiyo peja alivaa Verlie mwenyewe, na anayempeleka zahanati nikawa mimi. Mtadhani mumewe alikoma. Hakukoma. Alikaa nyumbani mpaka Pasaka, halafu mtu wa kijiji akaliona lori lake gatini. Sikio la kufa halisikii dawa. Verlie alipoambiwa alisema tu, "Afadhali. Nyumbani ananitazama kama mbwa aliyekula mayai." Alisema hivyo mchana. Njiani kurudi kutoka zahanati aliniomba nisimamishe gari, akalia kwa muda mrefu. Alisema haogopi kufa. Alitaka tu ajue kama mumewe angemchagua yeye siku ile, lau meli ingekuwa gatini peja ilipolia. Nilimshika mkono mpaka alipotulia, nikawasha gari.

Peja haikulia tena. Tulimzika Oktoba, mpunga umekwisha kuvunwa.

Baada ya mazishi Leander alinifuata jikoni, wanawake wakiwa wanapakua gambo, ule mchuzi wetu mzito, kwa wageni.

"Lovinia, wote mlikuwa mnajua. Lori langu mlikuwa mnaliona pale. Mbona hakuna aliyekuja kunitoa?"

Hasira zilinipanda mpaka nikaweka upawa chini. "Tusingizie sisi sasa! Tungekuja, ungetufukuza."

"Ningewafukuza," alisema. "Mngerudi."

Sasa hivi Leander haendi tena. Jumapili anakula kwangu. Tunampakulia, tunamwekea pilipili, hatumsimangi. Ila hatumdanganyi kwamba kosa halikuwa lake, naye hatuombi tumdanganye.

FUNZO

Ndugu zangu, nitasema wazi ili asitokee wa kusema hakuelewa. Meli zile zimeleta kazi, sikatai. Mpwa wangu anapika mle na watoto wake wanakula. Siku hizi hata safari hawadanganyi tena, sheria imebadilishwa, zinakaa gatini, na nyingine zimepanda nchi kavu kabisa. Kwa hiyo mtu wa leo ana uhakika kuliko Leander kwamba anaweza kuondoka wakati wowote. Asijidanganye. Hata siku ile kilichomweka Leander melini hakikuwa maji tu. Alikuwa ametoka kwenye simu aliyokabidhiwa kabla hajaona ziwa.

Anayecheza kamari asidhani anahatarisha fedha zake peke yake. Kuna mtu anayemtegemea awepo mahali fulani, na kamari kwanza humwondoa mahali hapo. Ukimwambia mwenzio "nipo," uwepo. Na wewe mgonjwa, mpende mumeo, lakini toa na namba ya jirani.

Nanyi mlio kama mimi, mnaoliona lori la mwenzenu likiwa pale kila siku mkatingisha kichwa na kupita: nendeni mkamtoe. Atawafukuza. Rudini.