Bahasha Nyekundu Haitumwi kwa Simu

"Hilo jiko la umeme la wali liache hapo!" nilimfokea mpenzi wangu Jingchuan. "Wewe unaondoka, mimi nabaki. Anayebaki ndiye anayepika."

"Nililinunua mimi, Lanting."

"Na aliyelisugua kila siku ni nani?"

Alilitoa kwenye begi akaliweka mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Kisha akakaa sakafuni katikati ya nguo zake, akaniangalia kwa yale macho yake yasiyojua kugombana.

"Hivi kweli tunagombania jiko?"

Ningefungua mdomo tu, ningelia.

Tulikuwa tumehitimu wiki iliyotangulia, hapa hapa Melbourne. Mimi takwimu, yeye uhandisi wa vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki. Mimi nilishapata kazi, na Jumatatu walitaka sahihi yangu kwenye mkataba. Yeye alishakata tiketi ya kurudi kwao Foshan, kusini mwa nchi yetu. Hakunificha tangu mwanzo. Alisema huku anajiona mgeni hata akinunua mkate. Mara ngapi aliniomba turudi wote, nikakataa kwa kuwa Mama alitaka nibaki.

"Shangazi amesemaje leo?" aliniuliza.

Nikamsomea ujumbe wa Mama, ambaye yeye humwita shangazi:

"Sisi wazima kabisa, mwanangu. Baki huko huko, huku hakuna cha kurudia. Bibi Mu wa ghorofa ya chini bado anamwonyesha kila mtu picha yako ya joho."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Kwamba napapenda sana huku."

"Unapapenda?"

"Usianze, Jingchuan."

"Nauliza tu. Juzi mtu alilia sokoni mbele ya matufaha."

"Yalikuwa matufaha mabaya! Ungekula ya kwetu Yantai ungelia hata wewe."

"Haya basi," alisema kwa upole. "Mimi nimenyamaza."

Siku hiyo ilikuwa kilele cha majira ya baridi nyumbani. Kwetu kaskazini ni lazima siku hiyo ule jiaozi, vile vifuko vya unga vya kukunja vyenye samaki au nyama ndani, eti masikio yasigande. Melbourne nje jua lilikuwa linalainisha lami, lakini Mama hasikilizi habari za jua. Kila mwaka hupiga simu ya video tukunje pamoja, yeye jikoni kwake Yantai, sisi kwenye chumba chetu. Unga tulishausukuma, na nguru tulishamsaga na majani ya vitunguu. Jingchuan ni mtu wa kusini, alikuja hajui kukunja hata kimoja. Mama ndiye aliyemfundisha kwa simu, miaka miwili, akimkaripia kama mwanajeshi. Sasa anakunja kuliko mimi.

Simu ikaita.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mtu wa kusini. Leo hujaleta yale madonge yenu ya sukari?"

"Nilishaongoka, shangazi. Mwalimu mkali."

Mama alicheka. Kwenye kioo tulimwona uso tu, karibu mno, kama picha ya pasipoti. Nyuma yake Baba akapita na sinia. Jingchuan akasogea mpaka pua ikagusa simu.

"Shangazi, hizo kakunja nani?"

"Mimi. Kuna mwingine humu?"

"Siyo zako. Zako ukingo husimama kama mkia wa samaki. Hizo zimelala kama wagonjwa."

Mama akacheka tena, lakini safari hii kicheko kilichelewa.

"Mikono imechoka kidogo tu."

"Naomba niione."

"Uone nini, wewe?"

"Mikono. Yote miwili."

Sauti ya Baba ikatoka nyuma:

"Mwonyeshe, mke wangu. Mimi nimechoka kuigiza. Na kukunja pia nimechoka."

Mama akashusha macho, akainua mkono wa kulia. Plasta nyeupe ngumu ilianzia kiganjani ikaenda mpaka karibu na kiwiko.

"Mama!"

Aliyepiga kelele hakuwa mimi. Alikuwa Jingchuan.

"Niliteleza kwenye barafu," alisema Mama haraka haraka. "Mfupa unaunga vizuri. Ulikuwa na utafiti wako wa mwisho, tungekuambiaje? Na sasa una kazi. Usije ukarudi kwa kunihurumia, sitaki!"

"Mama, mkono utapona," nilisema, machozi yakidondokea kwenye unga. "Narudi, lakini si kwa ajili ya mkono. Huku sipapendi. Nafika chumbani naweka simu yenye picha zenu mezani, naitazama nikila. Nilikuwa nakuambia napapenda ili usilie."

Mama akajifuta macho kwa ule mkono mzima.

"Na mimi nilikuwa nakuambia ubaki ili usilie wewe. Nilidhani ukirudi hapa utaniona mzigo. Jioni baba yako anaweka sahani yako mezani, halafu anairudisha kabatini."

"Wewe ndiye unayeiweka," Baba alisema.

"Nyamaza, zee!"

Tukacheka wote tukiwa tunalia. Halafu Mama akakunja uso.

"Hebu ngojeni. Huyu kijana ameniita nani?"

Jingchuan akawa mwekundu mpaka shingoni. Kwetu kijana humwita mama wa mchumba wake shangazi mpaka siku ya harusi. Siku hiyo ndipo anamwita Mama kwa mara ya kwanza, naye hupewa bahasha nyekundu yenye pesa kwa neno hilo.

"Samahani, shangazi. Limenitoka."

"Limetoka, halirudi!" Baba alipiga kofi mezani. "Mke wangu, umeshadaiwa!"

"Bahasha nyekundu siitumi kwa simu," alisema Mama. "Aje aichukue mwenyewe."

Jingchuan alinitazama. Mikono yake ilikuwa imejaa unga.

"Nikija," aliuliza polepole, "nikae?"

"Na wazazi wako? Watasema nimewaibia mtoto," alisema Mama.

"Nina dada wawili Foshan. Kila siku wanagombania nani ampikie baba supu. Mimi nyumbani wananiita mpangaji. Yantai kuna samaki, na samaki wanataka baridi. Kazi sitakosa."

"Na theluji utaiweza?" nilimuuliza mimi.

"Theluji naiogopa sana. Utanishika mkono."

Simu ilipokatika niliandika ujumbe kwa wale wa kazi: "Asanteni kwa nafasi hii. Nimeamua kurudi nyumbani." Kidole kilisita kidogo. Ilikuwa kazi nzuri, na sitasema haikuniuma. Kisha nikatuma. Nilipogeuka, Jingchuan alikuwa amepiga magoti mbele ya begi, analirudisha lile jiko la wali.

"Nani amekuruhusu?" nilimuuliza.

"Anayepika naye anaondoka," alijibu.

Tulioana Yantai mwezi wa tano, mitufaha ikiwa imemaliza maua. Ofisi yangu iko bandarini, ni ndogo na inanuka samaki, mume wangu naye ananuka samaki zaidi. Siku ya harusi alimpa Mama kikombe cha chai kwa mikono miwili, akainama.

"Mama, karibu chai."

Mama akanywa, akatoa bahasha nyekundu mfukoni kwa ule mkono wake wa kulia, ambao bado haukunji vidole vizuri. Jingchuan aliponyoosha mikono, Mama akaivuta bahasha nyuma kidogo.

"Hii ni ya ile 'Mama' ya kwanza. Ya siku ya plasta."

"Na ya leo?"

"Ya leo hailipwi," alisema Mama. "Mtu halipwi kumwita mama yake."