Uso wa Kuazima

Mlango aliouchora wazi jana, leo ulikuwa umefungwa.

Mchoraji aliukodolea macho ukurasa. Mistari ilikuwa yake, wino wake, lakini mlango ule hakuufunga yeye. Akaufuta, akauchora wazi tena. Alipogeuka kuchukua kalamu nyingine na kurudi, ulikuwa umefungwa.

Alikuwa akiigeuza hadithi ya kale kuwa riwaya ya katuni: hadithi ya jini mwanamke mwenye nyumba ya wageni, ambaye aliyeingia kwake hatoki. Yeye aliongeza mpelelezi mwenye kofia, mvua isiyokatika na vivuli virefu vya ngazi. Maneno aliandika mkewe. Wasimulizi wa zamani hawakusema kamwe jini yule alikuwa na sura gani. Mchoraji, kwa kukosa mfano, akampa sura ya mkewe.

"Umenichora mimi," mkewe alisema mchana huo, alipompandishia chai katika chumba cha kazi alichokodi ghorofani.

"Sasa nimchore nani?"

"Ungemchora dada yako, anafaa zaidi." Alicheka kidogo, kisha akanusa. "Humu mnanuka nini?"

Ilikuwa harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi. Halafu cherehani ya fundi wa chini, ambayo kutwa haikunyamaza, ikanyamaza.

"Tutoke," mke alinong'ona.

Kitasa kilizunguka, mlango haukufunguka. Mchoraji aliusukuma kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, hata ukaachia ghafla, naye akajikuta anatazama, badala ya ngazi, chumba kilekile, meza ileile, chai ileile ikifuka moshi, na mwanamke aliyekaa akiwapa mgongo, kanga yake ni ile ambayo mkewe alikuwa ameivaa.

"Usimwite," mke alisema nyuma yake, ameng'ang'ania shati lake. "Nakuomba, baba watoto, usimwite."

Wakarudi nyuma, wakakimbilia mlango wa roshani, wakaufungua, na huko nako kulikuwa na chumba kilekile na mgongo uleule, ila sasa umesogea karibu zaidi, na harufu ya nguo mbichi imewajaa kooni hata kupumua kukawa kazi.

"Muda wote huo nilikaa bila uso," mwanamke wa mezani alisema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayeongea na wa nyumbani kwake. "Umenipa. Ahsante. Sasa kimebaki kidogo tu."

Akaanza kugeuka.

Mke ndiye aliyepata akili. Aliliachia shati, akaivamia chupa ya wino, akaumwagia ule uso ukurasani na kuusugua kwa viganja vyote viwili, huku akilia kimyakimya, na mara ukapigwa ukelele, na chumba kizima kikawa cheusi kama kwamba mchana wenyewe umemwagiwa wino, na gizani humo mchoraji akapapasa, akaupata mkono, akaushika kwa nguvu zake zote, akauvuta, akaiona ngazi, akashuka nao mbio bila kutazama nyuma mpaka barazani, kwenye jua.

Cherehani ilikuwa ikilia kama kawaida.

"Vipi jamani, mnafukuzwa?" fundi aliuliza.

Mchoraji alikuwa akihema, machozi yakimtoka kwa furaha ya kuwa hai. Akauinua mkono wa mkewe aubusu.

Ulikuwa safi. Haukuwa na hata tone la wino.

Kule juu mlango uligongwa kutoka ndani, kwa viganja viwili. "Baba watoto," sauti iliita. "Baba watoto, mbona umeniacha?"

Fundi aliendelea kushona. Ni dhahiri hakusikia kitu.

Vile vidole safi vikajikaza, vikambana mchoraji hata mifupa ikamlia.

"Twende nyumbani, mume wangu," akasema, kwa upole. "Watoto wananingoja."