Mume Niliyemwita Mleta Mboga

— Asia, asubuhi bosi wenu mpya aliuliza mimi ni nani. Ulimjibu nini?

Mume wangu Mansuri alisimama mlangoni, begi mkononi. Mimi ndiyo kwanza natoka kazini.

— Si nilimwambia wewe ni mume wangu! Kwani vipi?

Akanitazama. Kisha akayatamka kwa Kiingereza, taratibu, maneno yaleyale niliyomjibu bosi getini Mansuri aliponishusha kwenye pikipiki:

— “Huyu ni mtu tu anayetuletea mboga.”

— Mansuri… Kiingereza umekijua lini?

— Huu ni mwezi wa nane najifunza. Nikiwa shambani Mgeta nasikiliza masomo kwenye simu. Nasikiliza, narudia, mpaka vibarua wananicheka. Nilitaka siku ya sherehe ya ofisi yenu nikae pembeni yako nisikuaibishe.

Akatoka. Sikuthubutu kumshika mkono.

Siku tatu hakupokea simu. Nikamwandikia: “Nisamehe mume wangu. Shetani alinipitia.”

Jioni akajibu: “Shetani gani anaongea Kiingereza, Asia?”

Jumamosi nikapanda lori lililokuwa likifuata mboga Mgeta. Nilimkuta kwenye mteremko, anakata kabichi.

— Asalaam aleikum, nikasema.

— Waaleikum salaam. Umekula?

Hilo “umekula” ndilo lililoniliza.

— Mansuri, nilikuonea aibu. Sina sababu nyingine. Buti zako zilikuwa na tope, nikaogopa bosi atanidharau.

Hakuacha kukata.

— Mwalimu wa kwenye simu anasema usiposikia vizuri, rudisha nyuma usikilize tena. Maneno yako nimeyarudisha kichwani wiki nzima, naomba Mungu niwe nimesikia vibaya.

Nikatoa simu, nikampigia bosi, nikaweka sauti ya nje. Nikasema kwa Kiingereza:

— Samahani, Jumatatu nilikudanganya. Yule aliyenileta ni mume wangu. Anaitwa Mansuri. Nilimwonea aibu, na kosa ni langu.

Bosi akauliza:

— Yupo hapo? Naomba niongee naye.

Mansuri akajifuta mikono kwenye suruali, akapokea. Mwanzoni ilibidi amwombe bosi arudie swali. Baadaye nikamsikia anaeleza mvua, kabichi na barabara inavyoteleza, kwa Kiingereza, hata akacheka. Miezi minane ile nilikuwa nikimwona na visikilizio masikioni, nikidhani anasikiliza mpira. Sikuwahi kumuuliza.

Alipomaliza akanirudishia simu.

— Anatualika kwenye sherehe Ijumaa.

— Utakuja?

— Nitakuja. Lakini leo sirudi nyumbani, Asia. Bado inauma.

Ijumaa alikuja, akakaa pembeni yangu. Sherehe ilipoisha akapanda tena mlimani. Nyumbani alirudi baada ya wiki mbili, akaniambia amenisamehe, na naamini kasamehe kweli, maana hajawahi kunikumbushia.

Ila akiongea Kiingereza mbele ya watu, wanamsifu, halafu wananigeukia mimi:

— Shemeji, hongera! Bila shaka wewe ndiye uliyemfundisha?

Mansuri hutabasamu tu, ananiachia nijibu. Mimi huinamisha macho.